Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Afisa Uvuvi wa Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Mwaka huu tumejifunza homoni kwa kumchunguza kambare wa Mto Mara badala ya kukariri mchoro wa kitabuni. Mwaloni, kwa hisani ya wavuvi, tulipasua majike. Ndani tulikuta mifuko miwili ya mayai ya rangi ya kijani na kahawia, imejaa mpaka imesukuma utumbo pembeni. Mayai hayo huandaliwa mapema. Majira yakibadilika na joto la maji kupanda, ubongo huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo huziamsha ovari, yaani ile mifuko ya mayai. Ovari hutoa oestrojeni, homoni ya kike, na ini likiipata hutengeneza protini ya kujaza kiini cha yai. Ini! Wengi wetu tulidhani kazi yake ni nyongo tu.

Samoni wa Norwei hufuata urefu wa mchana kujua wakati wa kutaga. Kwetu huku, jirani na ikweta, mchana wa Juni na wa Desemba haupishani hata robo saa, kwa hiyo mwenye kauli ni mvua. Kambare aliyeiva husubiri. Mto ukifurika hadi majanini, pituitari humwaga homoni ya mwisho, naye hutaga usiku. Bwawani hakuna mafuriko, basi hukaa na mayai yake. Wafugaji humhadaa kwa kumchoma sindano yenye tezi iliyosagwa ya kambare mwenzake; maji yakiwa nyuzi 25, baada ya takribani saa 11 mayai hutoka kwa kumkamua tumbo taratibu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Ningu, samaki mwingine wa Ziwa Victoria, naye hupanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga. Nyavu za midomoni mwa mito zilimpunguza sana, hata kabla sangara hajalitawala ziwa. Jike anayenaswa hapo amebakiza kutaga tu.

Tuna maombi mawili. Doria midomoni mwa mto ianze mvua zinapoanza, si baada ya maji kupungua. Hatuombi wazazi wetu wavuvi, ambao wengine wamo humu ukumbini, wakamatwe. Waelekezwe wavulie ziwani wiki hizo za mwanzo. La pili ni darubini, kwani tuliyo nayo lenzi yake imepasuka, na mayai machanga hatuyaoni.

Tunaomba kuwasilisha.