Mbwana, usimkasirikie Cena

Ngamiani, Tanga
28 Desemba 2025

Kwako swahiba wangu Mbwana,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima kabisa. Ijumaa nilipita kumjulia hali mama, mguu umepungua uvimbe na sasa anatembea mpaka barazani bila mkongojo. Lawama yake ni moja tu, kwamba simu zako zimekuwa adimu. Barua hii anakuletea shemeji yako, pamoja na papa mkavu uliyemwagiza.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Dakika saba nzima za hasira! Umesema WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, wamemdhalilisha John Cena. Mtu mzima wa miaka 48, bingwa wa dunia mara 17, eti amalize kazi yake kwa kupigwa roba na kusalimu amri mbele ya watoto. Umesema na mieleka hutazami tena. Nilitaka kukujibu kwa sauti vilevile, nikaona tutarushiana maneno hewani mpaka bando liishe. Jambo hili linataka kalamu na utulivu.

Mimi pia niliutazama usiku ule mwanzo mpaka mwisho. Kule Washington, ndani ya Capital One Arena, ilikuwa Jumamosi tarehe 13, saa mbili usiku. Huku kwetu ilishaingia Jumapili, saa kumi alfajiri, na kwako Muscat saa kumi na moja. Niliegemeza simu kwenye birika la chai juu ya meza, sauti nimeipunguza ili nisiwaamshe watu. Haikusaidia. Salimu alitoka chumbani na shuka lake begani, akakaa ubavuni pangu bila kuuliza kitu. Ana miaka minane lakini anajua kila kitu, mpaka ule mkono wa Cena wa kupitisha mbele ya uso. Adhana ilipoadhiniwa niliswali palepale sebuleni, naye akabaki kuilinda simu.

Gunther, mpinzani wake, umemwona mwenyewe. Yule Muaustria hana madoido, hachezi na watu, hatafuti makofi ya mashabiki. Makofi yake anampa mpinzani kifuani, na ukiyasikia unadhani mtu anapasua ubao. Dakika chache tu kifua cha Cena kilikuwa chekundu kama nyama ya buchani. Kisha roba. Cena anajinasua, anambeba mabegani na kumbwaga kwa Attitude Adjustment, lile pigo lake, refa anahesabu, Gunther ananyanyua bega. Roba tena. Anajinasua tena. Salimu alikuwa ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili na kila Cena alipojinasua kucha zilikuwa zinaniingia.

Halafu ile roba ya mwisho. Mbwana, nakuomba uirudie, lakini safari hii usimtazame Gunther, tazama uso wa Cena. Anahangaika, anatafuta pa kushika, macho yanalegea. Kisha uso unatulia. Anatabasamu. Na baada ya lile tabasamu ndipo anagonga kwa mkono, yaani anasalimu amri.

Salimu aliniuliza, "Baba, amegonga?" Nikamwambia ndiyo, amegonga. Akajifunika shuka mpaka kichwani. Ukumbi wote ulikuwa hivyohivyo, watu wamepigwa na butwaa, kisha wakaanza kuzomea, na Triple H alipotokea wakamzomea yeye zaidi kwa kuwa ndiye mwenye kupanga mambo yote. Hasira yako basi haikuwa ya peke yako, na siibezi. Kwa zaidi ya miaka 20 yule bwana hakuwahi kusalimu amri. Fulana zake zilihubiri kutokata tamaa, na watoto zaidi ya 650 wenye maradhi mazito walipoulizwa wanatamani nini duniani waliomba kukutana naye, naye akawaendea. Mtu kama huyo akigonga, mtu aliyemwamini tangu utotoni lazima aumie.

Ila tulipoachana mimi na wewe ni hapa. Unamhukumu kwa sheria ya banda la video. Unakumbuka sheria yetu? Steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwisho wa mkanda adui lazima alale. Ndiyo sheria tuliyolelewa nayo kwenye lile banda la nyuma ya soko, tumebanana kwenye benchi mbele ya TV ya chogo, na mwenye banda anasimamisha mkanda kabla ya mechi ya mwisho na kupita na kopo lake kudai shilingi hamsini nyingine. Ile WrestleMania ya 2005, shoo kubwa kuliko zote za mwaka, Cena alipompiga JBL akachukua ubingwa wake wa kwanza wa dunia, sisi tuliiona miezi mingi baadaye, na bado tulitoka nje tunapiga kelele kana kwamba imetokea dakika ileile. Wewe ulimbeba mdogo wako mabegani ukambwaga kwenye mchanga, na jioni ukachapwa.

Sinema ina mwisho, Mbwana. Mieleka Jumatatu ina Raw, kipindi cha kila wiki. Cena angeshinda usiku ule, ushindi wake ungekwenda wapi? Angeondoka nao nyumbani, akaufungia kabatini, basi. Gunther naye angerudi kazini mikono mitupu, mtu aliyepigwa na mstaafu wa miaka 48. Wanamieleka wenyewe wana mila ya zamani katika hili: anayeondoka humwachia anayebaki. Ric Flair alipoaga WWE mwaka 2008 kule Orlando alilala kwa Shawn Michaels, yaani alikubali kupigwa naye. Shawn naye mwaka 2010 alilala kwa Undertaker. Hakuna aliyesema wamedhalilishwa. Mechi zile tunazisimulia mpaka leo.

Najua utanijibu kwa Kurt Angle. Na kweli, Angle alipoaga mwaka 2019 alipigwa na Baron Corbin na watu wakachukia, mimi nikiwa mmojawapo. Lakini kosa la siku ile halikuwa kushindwa kwa Angle, kosa lilikuwa aliyepewa ule ushindi, maana hakuna alichokuja kuufanyia. Gunther ni habari nyingine. Mkanda wa Intercontinental alikaa nao siku 666, hakuna aliyewahi kuushika mfululizo kwa muda mrefu namna hiyo. Mwezi Julai, kule Atlanta, alimstaafisha mkongwe Goldberg kwa roba hiyohiyo. Sasa ana Goldberg na Cena ndani ya mwaka mmoja. Yeyote atakayempiga Gunther kuanzia leo atakuwa amempiga mtu aliyemgongesha John Cena. Ushindi ule utazunguka mikononi mwa vijana miaka na miaka.

Kuna kitu kingine kilinishika koo, na sijui kama ulikiona. Angle huyohuyo alikuwepo ukumbini, amekaa karibu na ulingo. Juni 2002 ndiye aliyempokea Cena siku yake ya kwanza. Cena alikuwa kijana mwenye nywele fupi, hajulikani na mtu, akamzaba Angle kofi, wakapigana, na akashindwa. Akaanza kwa kushindwa na kigogo, akamaliza kwa kushindwa na anayemwachia kiti. Aliyepanga hivyo anaijua kazi hii.

Hasira yako ielekeze kwenye yale mengine ya mwaka huu, hapo nitakuunga mkono kwa sauti kubwa. Unakumbuka Machi mosi kule Toronto? Cody Rhodes, bingwa wa wakati ule, kamkatalia The Rock kuwa mtu wake. Cena anamkumbatia Cody, na huku kamkumbatia anamtazama The Rock juu ya bega la mwenzake, na ule uso tulioujua miaka yote unakauka polepole kama tui likikatika. Kisha teke la chini ya mkanda. Mimi nilisimama kwenye kiti! Tangu banda la video tulisubiri kumwona Cena akiwa adui, na tulishakata tamaa kwamba itatokea. Sasa niambie wakaitumia vipi nafasi ile? Hawakuitumia. The Rock akapotea. WrestleMania ya Las Vegas mwezi Aprili, usiku wa pili, mechi kubwa kuliko zote, historia ya kumpita Flair na kufikisha ubingwa wa 17, wakaiendesha kama gari bovu mlimani, mpaka akaingia Travis Scott, mwanamuziki, kuja kumsaidia Cena kumwibia Cody. Ubingwa wa 17 ulistahili heshima kuliko vile. Kwenye usiku huohuo Iyo Sky, Bianca Belair na Rhea Ripley walikuwa wameshaonyesha namna mechi inavyopigwa, watu watatu wanapishana kama mashine ya cherehani, Iyo anaruka toka juu ya kamba na kubaki na mkanda wake. Mke wangu, ambaye mieleka kwake ni fujo, aliacha kukuna nazi akaitazama mpaka mwisho.

Mpaka Agosti, kwenye shoo ya SummerSlam, ndipo wakasahihisha. Cena alikwisharudi kuwa mwema, wakatwangana na Cody pasipo sheria, Cody akauchukua mkanda kihalali, wakakumbatiana kweli safari hii. Halafu Septemba wakaenda kumpa Brock Lesnar ambugaze Cena kama ilivyokuwa 2014. Ile ya 2014 ilikuwa na sababu, mtu alirushwa chali mara 16 na Lesnar akawa jinamizi kwa kila mtu. Ya mwaka huu haikuwa na kazi yoyote. Tarehe za kuaga zimebaki chache, unaichoma moja kwa ajili hiyo! Hapo nilikasirika kama wewe.

Lakini pale Perth, tarehe 11 Oktoba, mechi na AJ Styles, walinilipa madeni yote. Kama hukuitazama, hii ndiyo ya kuanza nayo siku ukipata mapumziko. Wazee wawili wanaojuana, kila mmoja anakopa mapigo ya wenzao wa zamani na kumpigia mwenzake. Cena alipomshika Styles na kumpiga kwa pigo la Bray Wyatt, nilinyamaza. Bray alitutoka Agosti 2023, na Cena kumkumbuka kwa mwili wake badala ya kwa maneno, katikati ya mechi, ilikuwa dua kwa namna yake. Sijaona shoo nyingine mwaka huu iliyonigusa vile.

Na jamani, yule Oba Femi! Mtoto wa Lagos, alikuwa akirusha tufe chuoni kabla ya kuingia mieleka. Usiku uleule wa Cena alipewa kusimama na Cody mwenyewe, bingwa na bingwa, na hakuonekana mdogo hata kidogo. Drew McIntyre alivuruga mwisho wake, lakini tulikwishaona cha kutosha. Salimu ameshahamia huko. Asubuhi ile alitoka kwenye shuka lake akaniuliza kama Oba Femi anatoka karibu na Tanga, nikamwonyesha Nigeria kwenye ramani ya kitabu chake cha shule, akasikitika kidogo kisha akasema si mbali sana.

Cena alipomaliza kuagana na wenzake, Cody na CM Punk wakiwa wamemvisha mikanda yao, alivua viatu na vile vitambaa vya mikononi akaviacha katikati ya ulingo. Akapiga saluti mbele ya kamera, akaondoka. Salimu aliuliza kama atatembea peku mpaka nyumbani kwake. Nje kulikwishapambazuka, muuza vitumbua ameshaanza kuita. Nilizima simu, nikakaa nayo mkononi, chai imepoa. Nilikukumbuka wewe, Mbwana, na lile benchi letu.

Sasa nina ombi. Royal Rumble, ile shoo yao kubwa ya kila Januari, inapigwa Riyadh tarehe 31 Januari, haijawahi kutoka nje ya Amerika Kaskazini. Kwako ni safari ya ndege fupi, na unasema tajiri wako anakutaka uende likizo. Mimi nauli hiyo sina, kwa hiyo nenda kwa macho yetu wote wawili. Ukishindwa kwenda, basi tuitazame pamoja kwa simu, wewe huko na sisi huku, mimi na Salimu tutakuwa macho. Nijibu kabla ya mwezi kuisha, na umpigie mama.

Ndugu yako,
Athumani