Heri ya Siku ya Mwaka: gatha zetu na saa ya maji ya Karnak

Assalaam aleikum ndugu, jamaa na marafiki. Wazee wangu, shikamooni. Kusi inavuma, kipupwe kimeshatutoa makoti kabatini, na Makunduchi, Unguja, watu wanajiandaa kwa Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya jadi ya mwaka mpya. Nawatakieni mwaka mwema, afya, na riziki ya bara na bahari. Mwenye kinyongo nami aje nacho uwanjani, tuchapane kwa mabua ya migomba kiishe, kisha twende tukale.

Msimu huu hunirudisha kwenye hesabu ya manahodha wa zamani. Siku kumi ni mwongo mmoja. Miongo 36 ni siku 360. Zile tano zinazobaki ni gatha. Jina la Nairuzi, yaani hiyo Siku ya Mwaka, tumelipata kwa Waajemi, lakini mwaka wa namna hii Wamisri wa kale waliutumia zamani sana: miezi 12 ya siku 30, kila mwezi makumi matatu, na mwishoni siku tano za nyongeza walizozihesabu kuwa siku za kuzaliwa miungu yao, akina Osiris na Isis.

Kuna chombo kimoja cha watu hao ambacho sichoki kukifikiria. Kilikutwa vipandevipande mwaka 1904 katika hekalu la Karnak, na kimetoka enzi ya Farao Amenhotep III, karne ya 14 KK. Ni saa ya maji ya alabasta, kimo chake kama sentimita 35, imepanuka juu na kusinyaa chini kama ndoo. Umbo hilo lina sababu. Maji yakiwa mengi hutoka kwa nguvu kwenye kitundu cha chini, yakipungua hutoka kwa unyonge. Kwa kuwa chombo kinazidi kuwa chembamba, kina cha maji kinaendelea kushuka karibu kwa mwendo uleule.

Nje zimechorwa nyota za makumi, yaani makundi 36 ya nyota, moja kwa kila siku kumi za mwaka. Ndani kuna safu 12 za alama za kusomea saa maji yanaposhuka, kila mwezi na safu yake, maana usiku wao ulikuwa saa 12 mwaka mzima, uwe mrefu uwe mfupi. Usiku wa baridi saa zilirefuka, wa kiangazi zikafupika. Sisi tunaohesabu saa moja jua likishazama tungewaelewa upesi, ila huku kwetu karibu na ikweta usiku wa Julai na wa Disemba haupishani hata saa nzima. Safu moja ingetutosha!

Tatizo lao lilikuwa mwaka wenyewe. Siku 365 kamili, bila robo inayobaki, zinateleza siku moja kila miaka minne, na baada ya miaka 120 mwezi mzima umehama msimu wake. Safu ya chomboni inasema usiku mfupi, nje usiku unarefuka. Mwaka 238 KK, chini ya Ptolemy III, ikatolewa amri kwamba kila mwaka wa nne iongezwe siku ya sita. Amri ikachongwa kwenye mawe, watu wakaendelea na tano zao. Hapo nacheka, kwa sababu nawajua wazee wa kwetu: nenda kawaambie gatha ni sita uone utakavyojibiwa.

Basi, wanaokwenda kuoga pwani waoge salama. Wanaotazama moshi wa kibanda cha makuti kinachochomwa unaelekea wapi, ili wabashiri mwaka, watupe habari njema. Akina mama, nyimbo za mwaka huu zisituonee huruma. Na kwa kuwa siku hii nyumba bila mgeni si nyumba, shangazi, nawaleta wenzangu watatu kutoka Dar, na wote ni walaji. Ongeza sufuria.

Mwaka mpya mwema.