Picha za Kombi na madereva wake

Ndugu wanakikundi,

Naomba kila mwenye picha ya Volkswagen Kombi ya zamani, hasa zile za kioo cha mbele kilichogawanyika katikati, zilizotengenezwa kuanzia 1950 hadi 1967, aitume hapa kabla ya Jumamosi pamoja na maelezo ya dereva aliyeiendesha. Marehemu baba yangu mdogo alifungua kifuniko cha nyuma kila alfajiri, akaubonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, kwa kuwa injini ile hupozwa kwa hewa, haina rejeta, na mkanda ukikatika lazima gari lisimame. Nasikitika kwamba hatuna picha yake hata moja akiwa kwenye usukani. Picha zisizo na maelezo pia zitapokelewa.