Barua kwa mwanangu Seif, kabla hujatia saini

Wete, Pemba

Mwanangu Seif,

Assalaam alaykum. Hatujambo, bibi yako sukari imeshuka kidogo. Ule mkataba wa kucheza basketi uliotuma kwa simu mjomba wako Hamad kanisomea wote, mara mbili, mpaka chai ikapoa. Sasa nakuuliza: miaka minne ya nini?

Utanijibu kama jana, kwamba pesa iko tayari. Nimesikia. Mimi nauliza miaka.

Hamad akianza mambo ya basketi hanyamazi, unamjua. Kanieleza habari za Scottie Pippen, yule aliyecheza na Michael Jordan kule Chicago, nikadhani ananipotezea wakati. Kumbe mtoto wa watu alikuwa kitinda mimba wa watoto 12, baba kapooza, kaka yake yuko kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka 1991 akawekewa mkataba mrefu wa kumfikisha hadi 1998, jumla dola milioni 18. Mwenye timu mwenyewe anasema alimtahadharisha kwamba huenda anajiuza rahisi. Akasaini. Aliwaza wa nyumbani, akawaza akiumia itakuwaje. Miaka ikaenda, fedha zikajaa kwenye ligi, mishahara ya wenzake ikapanda, wake uko palepale. Msimu wa 1997/98, wanachukua ubingwa wa sita, Jordan analipwa dola milioni 33 na yeye hafiki milioni 3. Kwenye ligi nzima mshahara wake ulikuwa wa 122, na ndani ya timu yake wa sita. Akaudhika hata akachelewesha kupasuliwa mguu.

Hamad anacheka, anasema milioni mbili na kitu za dola nani atazilia. Mimi sikucheka. Watu aliokuwa akiwashinda uwanjani kila usiku walimzidi kipato, na kulalamika hawezi, saini ni yake.

Na usinijie na Stephen Curry, mchezaji mwingine wa ligi ileile, maana Hamad kashanijia naye. Alisaini 2012, miaka minne, dola milioni 44, vifundo vya miguu vinamsumbua na kila mtu ana wasiwasi naye. Akawa mchezaji bora wa ligi 2015 na 2016 kwa bei ileile. Mwaka 2017 ndipo akapewa milioni 201 kwa miaka mitano. Sawa, kheri yake. Lakini yeye miguu ilikuwa mibovu kweli. Wewe mguu wako una nini? Wewe una sisi tu.

Hata Hasheem Thabeet wetu, alipochukuliwa na timu ya Memphis mwaka 2009, wa pili timu za ligi ile zilipochagua wachezaji wapya, mshahara wake ulipangwa kwa nafasi aliyochukuliwa. Wewe wanakupangia kwa kutazama shida zako. Nani kamwambia yule wakala kwamba kwetu paa linavuja? Hilo limeniuma, Seif. Mtoto niliyemlea, anayerukia kikapu watu wakasimama, anakwenda kutaja mabati mbele ya mtu anayetaka kumnunua!

Muulize baba yako habari ya ile mikarafuu tuliyoikodisha ikiwa bado haijatoa maua, na mwaka ule ilivyokuja kuzaa. Nikiitaja huinuka akaenda msikitini kabla ya adhana. Basi na mimi sisemi sana, kwa sababu pesa ile ndiyo iliyokulipia skuli.

Ukurasa wa tatu, pale chini kabisa, wao wakitaka wanakuongezea mwaka wa tano kwa mshahara uleule. Wewe ukitaka kutoka huna ruhusa. Hukuliona? Au uliliona ukanyamaza? Na ukiumia goti, matibabu wanalipa mpaka msimu uishe, halafu? Waambie miaka miwili. Wakikataa, waulize kwa nini wanakutaka minne mtu ambaye wanasema hana jina. Mara hii kuwa mbishi, kama unavyonibishia mimi.

Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Mtaa mzima wanajua, nimewaambia mwenyewe, ingawa baba yako alisema tungoje.

Paa linavuja upande wa jiko tu, nimeweka beseni, wala usilifikirie. Ada ya Mwanaisha tutaitafuta, Januari haijafika. Mbuzi kazaa wawili, mmoja jike. Pampu ya kisima imekufa tena, fundi anataka laki mbili, nimemwambia arudi akiwa na akili zake.

Boti ya Jumamosi nakuletea halua na pilipili ya kusaga. Halua usiigawe yote kwa wenzako, na kopo la pilipili nalitaka lirudi. Hiyo karatasi mpelekee Hamad akifika Unguja, ana rafiki yake wakili. Wakikupigia kabla ya hapo, waambie mama yako hajamaliza kusoma.

Mama yako