Hamisi, ngozi yako haina kosa

Ujiji, Jumapili jioni

Ndugu yangu Hamisi,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, mama anakusalimu, watoto wanakusalimu, mvua zimeanza na ile njia ya kwetu imekatika tena. Najua nimekaa kimya muda mrefu. Barua hii niliianza tuliporudi kutoka kwenye hitima ya Bi Mwajuma nikaiacha, maana jambo lenyewe niliona haya kulitamka mbele za watu.

Niliiona shingo yako. Uliinama kunawa, kola ya kanzu ikashuka, na chini ya kidevu chote ni vipele, vingine vimeshaacha weusi, kimoja kinatoka damu. Tatu alipokuuliza ukamjibu kuwa una ngozi mbovu, umezaliwa nayo. Maneno hayo yamenikaa rohoni hadi leo.

Hamisi, ngozi yako haina ubovu. Ndevu zetu ni za kipilipili. Wembe wa makali matano unauvuta unywele kabla ya kuukata, ncha inarudi chini ya ngozi, na unapoanza kuota tena unajikunja na kuchoma nyama badala ya kutoka nje. Kipele ndicho hicho. Na wewe unanyoa kavu, au kwa sabuni ya kufulia, nakujua. Mimi mwenyewe nilihangaika hivyo miaka minne, umesahau nilivyokuwa nafunga skafu na jua lile la chuoni?

Kilichonitoa huko ni kile kipande cha Arko, sabuni ya kunyolea ya Uturuki, ulichonipa wewe. Nilisoma karatasi yake: mafuta ya mnyama yaliyopikwa kwa potasi, ile kemikali iitwayo potassium hydroxide. Nikakaa nikafikiri. Sisi wa Kigoma tumezaliwa chini ya michikichi, mama yako kule Simbo alikuwa anapika sabuni ya mawese uani, tumeiogea utoto wote. Kwa nini ile haikufaa kunyolea? Kwa sababu ilipikwa kwa kostiki soda, na kostiki hutoa mche mgumu, povu lake linakuja kwa kusuasua. Potasi hutoa sabuni laini, inayeyuka upesi na inabeba maji mengi. Na maji ndiyo dawa yenyewe: unywele ukinywa maji ya moto dakika mbili tatu unalainika, wembe unaukata bila kuung'ang'ania. Povu kazi yake ni kuyashikilia maji hayo pale pale na kuutelezesha wembe.

Nikaanza kupika. Mara ya kwanza nilitumia mafuta ya mise matupu, yale ya kokwa ya chikichi, kwa kuwa povu lake ni jingi. Lilikuja upesi kweli, mapovu makubwa makubwa, yakapasuka kabla sijamaliza shavu moja, na uso ukanipauka. Mawese ndiyo yanayoleta povu zito lenye vitone vidogo, na mafuta ya ng'ombe kutoka bucha yanalitia uzito zaidi. Sasa naweka mafungu mawili ya ng'ombe, mawili ya mawese, moja la mise. Inatoka na rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Gliserini yake inabaki humo humo. Viwanda vingi huitoa wakaiuza kando, na hiyo ndiyo inayoiachia ngozi unyevu baada ya kunawa.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, tahadhari. Kilo ya mawese inataka kama gramu 200 za potasi, ya mise inataka karibu 245, na hapo mimi napunguza kidogo ili mafuta yabaki. Potasi inaunguza mkono na macho. Usiitie kwenye sufuria ya aluminiamu! Ya mama ililika ikatoboka, ikabidi ninunue nyingine.

Nimekutengea kopo moja, Juma anakuja nalo Dar kwa treni pamoja na dagaa wako. Loweka uso kwa kitambaa cha maji ya moto, zungusha brashi hadi povu liwe kama mtindi, kisha nyoa kwa wembe mmoja tu, kufuata ndevu zinakoelekea. Pale shingoni zipapase kwanza, zimegawanyika, nyingine zinalala kushoto. Usiivute ngozi. Nawa vizuri, kwa sababu sabuni yoyote ya kweli ina ukali wa magadi, isikukaukie usoni. Brashi tafuta ya nyuzi za plastiki. Nyingi za bei rahisi ni manyoya ya nguruwe, uliza kabla hujalipa.

Lakini kwanza ziache ndevu wiki nne bila kuzigusa, vipele vipoe. Na vile viwili vitatu vilivyotuna kisogoni kama punje za mahindi, sabuni haiviwezi. Hivyo mwonyeshe daktari wa ngozi. Nakusihi.

Sasa nina shida nawe. Potasi huku imenitesa: mfanyabiashara mmoja aliniuzia kostiki akiiita potasi, nikajua sabuni ilipokauka ngumu kama tofali. Mafuta ya wiki nzima. Kariakoo kwenye maduka ya kemikali unaweza kunitafutia kilo mbili? Ihakikishe kwenye lebo yake, isiwe ya kupimiwa kwenye mfuko. Nitakutumia hela kwa simu, uniambie tu ni ngapi.

Na je, yule kinyozi wako anabadilisha wembe kwa kila mteja? Umeshakwenda kuuona mguu wa Shangazi? Rashidi kanyamaza kweli au ni mimi tu hanipigii? Na ile dawa ya unga ya kunyonyolea ndevu uliyosema utaijaribu, hujaipaka bado? Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Ndugu yako,
Saidi