Yah: Ile gari ya Toyota Rumion mliyoifutia bei yake, na kikombe cha chai juu ya makaratasi yangu

Kwa Meneja na uongozi wote,

Salaam. Natumaini mko wazima na biashara inaenda, maana kwa hizo bei mnazopandisha usiku na "kushusha" asubuhi sioni kwanini isiende.

Naandika kwa heshima na naomba barua hii isomwe na mtu, sio ile meseji ya "asante kwa kuwasiliana nasi, ombi lako linashughulikiwa", hiyo nimeshaikariri. Masharti ya advansi mmeyaandika wenyewe, kifurushi cha kuona historia ya bei za magari kwenye tovuti yenu mmekitunga wenyewe na hela yake mnaikata kila mwezi, kwahiyo sitawaeleza kampuni yenu inafanyaje kazi. Mnajua. Ndio maana inaniuma.

Gari ni ile Rumion ya silva ya 2009, injini 1500, namba ya chasisi inaanzia NZE151, namba zilizobaki mnazo. Nililipa laki tano ya kushikia gari. Tangazo lilisema BEI IMESHUKA kwa herufi kubwa, milioni 17.9 imekatwa mstari mwekundu, chini yake 16.5, na pembeni neno "WAHI". Nikafungua hiyo historia ya bei ninayoilipia, grafu ikaonyesha mstari unaanzia juu kwenye 17.9 unateremka mpaka 16.5, safi kabisa, nani angeona vile asidhani kapata dili. Kumbe grafu yenu inaanza kuhesabu siku tangazo linapopostiwa, basi, mtu akilifuta tangazo akaliposti upya historia nayo inazaliwa upya, gari lile lile, picha zile zile, mkwaruzo wa bampa ule ule. Sasa hiyo ni historia ya nini jamani? Mnaniuzia kumbukumbu ambayo muuzaji anaweza kuifuta kwa kidole kimoja, na muuzaji mwenyewe kwenye hili gari ni nyie, limepaki kwenye yadi yenu, mtu wa kumsingizia hayupo.

Waliowaumbua ni maua. Tangazo lina kibandiko "MPYA! Limeingia wiki hii", na wiki hiyo ilikuwa Aprili, mvua za masika, Sakina yote matope. Kwenye picha boneti imejaa maua ya zambarau ya mjakaranda. Hapa Arusha mtoto wa darasa la pili anajua mijakaranda inachanua Oktoba, Novemba. Gari limeingia wiki hii na maua ya mwaka jana juu ya boneti? Hapo ndipo nikamwita kijana wangu yuko chuo, akaichukua linki yenu akaiweka kwenye Wayback Machine, ile ya Internet Archive ya Marekani inayohifadhi nakala za kurasa za intaneti, wameanza kuhifadhi tangu 1996 na nyie mkadhani hakuna anayewaona. Nakala ipo. Ya Novemba. Picha mbili hazikufunguka lakini maandishi yote yapo na ya pembeni imefunguka, mkwaruzo ule pale. Bei: milioni 14.8. Kilometa: 118,000.

Tangazo la Aprili limeandika kilometa 96,000.

Nisaidieni kuelewa hilo, maana bei kupanda naweza nikasikia maneno yenu ya dola, lakini kilometa elfu ishirini na mbili zimeyeyukia wapi, gari lilikuwa linatembea kinyumenyume? Na mlivyojitangaza mmenipunguzia milioni moja na laki nne, hizo laki kumi na nne hazijawahi kuwepo duniani, ukweli mlinipandishia milioni moja na laki saba halafu mkanitaka niseme asante.

Ndipo nikaja ofisini. Nilikuja kistaarabu. Nimeprinti zote, ya Novemba na ya Aprili na ile grafu, kwa rangi, stesheneri ya Sakina wanajua bei ya kuprinti rangi. Nilikuwa na shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, fundi magari kule Kiborloni, nilimtoa Moshi kwa makusudi aje aniangalizie gari, akafunga gereji yake akapanda kosta asubuhi. Kijana wenu wa mezani, yule wa shati la kampuni la bluu, nikamwekea makaratasi mbele yake, nikamwambia mwanangu naomba unieleze hii. Akayaangalia hivi. Akacheka. Akayageuza yakalala kifudifudi, akachukua kikombe chake cha chai akakiweka juu yake, akaniambia, "Mama, kama hela haitoshi sema tu, bajaji zimejaa pale nje."

Naendelea.

Suala la dola nililisikia kwenye simu, hiyo ilikuwa kabla sijaja, samahani nimeruka. Dada wa huduma kwa wateja aliniambia bei imebadilika kwasababu dola imepanda na kodi za TRA zimepanda. Nikamwuliza kodi ipi mpendwa? Gari lina namba za hapa, limeshatembea barabara zetu miaka, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT, ile nyongeza ya uchakavu, vyote vililipwa siku linatoka bandarini. Kikokotozi cha TRA kipo mtandaoni na mimi nacho najua kukitumia, unaweka aina ya gari, mwaka, ukubwa wa injini, kinakwambia. Kodi ya kuingizia gari hailipwi mara mbili. Dada akaniambia "subiri kwenye laini" na laini ikakata. Nikapiga tena, muziki. Huo muziki wenu pia badilisheni.

Baadae mkanitumia imeili kwamba mfumo wenu uko "kwa viwango vya kimataifa". Viwango vya kimataifa vipi? CarGurus, tovuti ya magari ya Marekani, wanamwonyesha mnunuzi bei ilivyopanda na kushuka na gari limekaa sokoni siku ngapi, bure, halipii kifurushi. Umoja wa Ulaya tangu Mei 2022 muuzaji akitangaza punguzo la bei anatakiwa aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia ndani ya siku 30 zilizotangulia, hawezi kuamka akabuni bei ya juu akaikata mstari mwekundu. Hivyo ndivyo viwango. Nyie mna mstari mwekundu tu.

Na yule kijana, narudi kwake maana hanitoki kichwani. Kabla ya neno la bajaji alituambia kama tunataka historia ya gari tukaangalie Carfax, ile tovuti ya Marekani ya ripoti za historia ya magari. Shemeji akamjibu kwa upole kabisa, akasema mdogo wangu, Carfax inataka ile namba ya herufi na tarakimu 17 za magari ya Marekani na Kanada, hii imetengenezwa kwa soko la Japani, namba yake ya chasisi ni fupi, ina kistari katikati, ukiiweka kule haisomi. Mtu anafanya kazi kwenye kampuni ya magari anafundishwa na fundi wa gereji ya mabati, na badala ya kushukuru ndio akapandwa na hasira, nadhani ndio sababu ya yote yaliyofuata.

Maana mnielewe ilivyokuwa. Ofisi imejaa. Kwenye benchi kulikuwa na watu, mmoja namfahamu tunasali wote. Tumeingia hakutoa shikamoo, umri wa mwanangu wa pili, sawa, nikasema labda kachoka. Nimeweka makaratasi yangu matatu mezani, nimeyapanga kwa tarehe ili asipate shida. Hakusoma, meneja, naapa hakusoma, macho yalipita juu kama mtu anayeangalia risiti ya mkaa. Akacheka, na sio kicheko cha aibu, kile cha kuita wenzake, yule dada wa dirisha la pili naye akageuka kuangalia. Akayageuza makaratasi kifudifudi, na taratibu kabisa, hiyo ndiyo inaniuma, taratibu, akachukua kikombe akakiweka juu yake katikati, chai ya maziwa imejaa mpaka juu, ikamwagika kidogo, duara likabaki kwenye karatasi ya Novemba, ile ile yenye 14.8. Halafu ndio akasema kwa sauti ya kusikika benchi zima, "Mama, kama hela haitoshi sema tu, bajaji zimejaa pale nje." Watu wakacheka. Akamgeukia mlinzi akamwambia "msindikize mama apate hewa". Mlinzi, Mungu ambariki, aliona aibu, alinishika mkono kama anamshika mama yake, lakini alinitoa. Nimetolewa nje na mlinzi kwenye ofisi ambayo laki tano zangu zimo ndani. Shemeji yangu alikuwa anaangalia chini. Huyu ni mtu aliyenipa heshima kwenye msiba, kwenye mahari ya binti yangu, leo ananiona natolewa nje kama mlevi, na njia nzima mpaka stendi hakusema neno, na mimi sikujua niseme nini kwa shemeji.

Na hizo bajaji anazozidharau ndizo zinazomleta yeye kazini, nilimwona anashuka.

Sasa ninachotaka. Nilipoanza kuandika nilikuwa nataka kitu kimoja tu, laki tano yangu irudi. Masharti yenu wenyewe yanasema advansi inarudi kama taarifa za tangazo sio sahihi, na mkiniambia kilometa 96,000 ni taarifa sahihi nitacheka mimi sasa. Irudi yote, msinikate "gharama za ofisi", ofisi ipi, ile niliyotolewa?

Halafu hela za kifurushi cha historia ya bei, zote mlizokata tangu nijiunge, maana hakuna historia mliyoniuzia. Na hilo tangazo litolewe, au liwekwe na bei ya Novemba na kilometa za Novemba zionekane, kuna mtu mwingine huko Njiro au Usa River saa hizi anaangalia ule mstari mwekundu anahesabu amepona milioni. Rekebisheni grafu ifuate chasisi ya gari badala ya namba ya tangazo, sio kazi kubwa, kijana wangu anasema ni kazi ya wiki kwa mtu anayejua kompyuta, na magari mnayajua chasisi zake mnazichukua siku ya kwanza.

Na radhi. Sio ya imeili. Kwa maandishi, ina muhuri, imesainiwa na meneja, nakala moja kwangu na nyingine kwa shemeji yangu Moshi, na yule kijana aipeleke mwenyewe Kiborloni, kwa kosta, kwa nauli yake. Nilikuwa sijaliwaza hili wakati naanza barua lakini kadiri ninavyoandika naona ni haki.

Kama mnaona natania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kwenye biashara, na FCC, Tume ya Ushindani, wapo kwa kazi hiyo. Malalamiko yangu nimeshayachapa, yanasubiri tarehe tu. Nakala ya Novemba haiko kwenye kompyuta yangu peke yake, iko kwa kijana, iko kwa shemeji, iko kwenye magrupu mawili ya WhatsApp ambayo bado nimewaomba wasiisambaze, nimewaomba kwa heshima yenu. Na msijisumbue kwenda kulifuta tangazo la Aprili usiku huu, nalo tumeshalihifadhi kule kule Wayback na tarehe yake na saa. Tumeanza na kuangalia magari mengine kwenye yadi yenu. Kuna Noah nyeupe na kuna IST mbili, sitasema zaidi kwa sasa, ila mnajua mlichokifanya kwenye ile Noah.

Nawapa mpaka Ijumaa saa kumi, mnapofunga. Nilikuwa nimeandika siku kumi na nne nikafuta, wiki mbili za nini wakati kupandisha bei mnatumia usiku mmoja. Ikipita Ijumaa madai hayatakuwa laki tano tena, nitaongeza nauli za shemeji, siku aliyofunga gereji, kuprinti, na fidia ya kudhalilishwa mbele ya watu, na kiasi cha hiyo atakipanga wakili, sio mimi, mimi ningekuwa na huruma.

Nimeambatanisha risiti ya malipo, karatasi zote tatu ikiwemo yenye duara la chai, msije mkasema hamlijui. Namba ya kurudishia hela ni ile ile niliyolipia. Msinipigie kunibembeleza, tumeni hela na barua.

Wenu,
Mteja wa Sakina, Arusha