Swaleh, hiyo salfeti msiitupe bado

Kibokoni, Mombasa

Swaleh ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, ila kaskazi imetuchoma mwaka huu, na Bi Rukia bado angoja simu yako. Usiniambie mtandao haushiki. Najua nami nimekaa kimya, lakini ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza nikaona haijibiki kwa vidole viwili. Wasema umehamishiwa mtambo wa kuchuja salfeti, ile chumvi yenye salfa, kwenye maji ya bahari kabla hayajasukumwa kisimani kutoa mafuta, na fundi mwenzako akucheka kwamba kwengine watu waiongeza makusudi. Wataka kujua nani mwongo.

Hakuna. Wote wawili wasema kweli, wategemea mwamba gani uko chini yenu, na huo ndio hukunitajia! Mafuta mengi ya Ghuba yamo kwenye mwamba wa chokaa, kalsiamu kaboneti, jamaa ya mawe ya matumbawe yaliyojenga Fort Jesus. Kama nanyi mko juu ya chokaa, basi roho yangu haijatulia na huo mtambo wenu.

Sikiza. Kwenye chokaa mafuta hayakai tu matunduni yakingoja kusukumwa. Yana asidi zenye chaji hasi, na uso wa mwamba mara nyingi una chaji chanya, kwa hivyo yameng'ang'ania kama masizi kwenye sufuria. Ukisukuma maji, yapita njia za mkato, yatokea upande wa pili, mafuta yabaki palepale. Salfeti nayo ina chaji hasi. Ikikaa juu ya uso ule, uchanya wapungua, kalsiamu iliyomo majini yapata kusogea na kushikana na ile asidi, mafuta yaachia. Joto likiwa kali, magnesiamu nayo yaingia mwambani mahali pa kalsiamu. Katika lita moja ya bahari ya kawaida muna gramu kama 35 za chumvi, na salfeti humo ni gramu 2.7 tu, magnesiamu 1.3, kalsiamu 0.4. Hizo chache ndizo zenye kazi! Sodiamu na kloridi, zile tunazozionja Nyali tukimeza wimbi, zasongamana tu karibu na mwamba. Mtafiti Tor Austad na wenzake kule Stavanger, Norwei, walipopunguza hizo mbili na kuziacha zile tatu, mafuta yalitoka zaidi.

Nao hawakuanza na nadharia tupu. Ekofisk, eneo la mafuta la Norwei kwenye Bahari ya Kaskazini, ni chokaa laini yenye joto la nyuzi 130 hivi. Mwaka 1987 wenye visima walianza kusukuma maji ya bahari kwa kiwango kikubwa, na mafuta yakatoka kuliko walivyotarajia. Lakini usiipe salfeti na wenzake sifa zote: chokaa ile pia hulainika na kubonyea ikipata maji, na kubonyea nako husukuma mafuta. Sakafu ya bahari ilikuwa imeshashuka hata kabla ya hapo, na mwaka huohuo ilibidi wainue majukwaa mita 6. Hapo ndipo wasomi huanza kugombana, nami siwaingilii.

Sasa kwa nini mwaichuja? Salfeti ikikutana na bariamu, madini yaliyoyeyuka kwenye maji ya chini, hugeuka ukoko mgumu unaoziba mabomba. Kuna na bakteria wanaoila wakatoa ile gesi ya mayai viza, nayo huua mtu. Hizo ni sababu za haki, siwalaumu wakubwa zako. Tena maji ya chini yakiwa na kalsiamu nyingi, salfeti yaweza kuganda humo humo kwenye joto. Ila uamuzi wa kuitoa yote, kwenye chokaa yenye joto... hapo mtu angepima kwanza vipande vya mwamba wenyewe. Na kubadilisha chumvi za maji si porojo: watafiti wa kampuni ya mafuta ya Saudi Aramco walizimua maji ya Ghuba hatua kwa hatua, na kwenye vipande vya mwamba maabarani wakapata nyongeza ya takriban asilimia 18 ya mafuta yaliyokuwamo. Maabara si kisima, lakini si kitu cha kupuuza.

Kassim kashasikia habari hizi, ataka tuwaandikie wakubwa kuhusu mafuta ya Lokichar, kule Turkana. Mwambie wewe, mimi amenishinda: kule ni mawe ya mchanga na mafuta yana nta. Hesabu nyengine kabisa.

Basi nijibu, na usinijibu kwa picha ya biriani. Chini kwenu ni chokaa au mchanga? Joto lapita nyuzi 90? Maana kwenye ubaridi ile salfeti haifanyi la maana. Bariamu ya maji yenu ya chini ni kiasi gani, na karatasi ya vipimo waweza kuniombea bila kuvunja amri za kazi? Huyo fundi mwenzako katoka kisima gani hata akajua ya kuongeza? Na mwezi wa Ramadhani utakuja nyumbani, ama tena umebanwa na zamu?

Ni mimi nduguyo,
Athman